KAZI ZA MIKONO: Tundu Safi Katika Bati



Mwezi uliopita tulinena habari za kukata bati kwa mkasi, na namna ya kuukaza mkasi ili visu vyake viwili visiachane. Mwezi huu twaendelea na jambo lililo jirani yake, nalo ni kutoboa matundu katika bati kwa vyombo vya mkono. Tulikusudia kuliandika baadaye, walakini barua ya msomaji wetu mmoja, kijana anayejifunza ufundi wa bati, imetufanya tulitangulize. Katika barua hiyo ameuliza maneno mawili. La kwanza: kwa nini matundu yake hupasuka kama nyota, hali matundu ya fundi wake ni ya duara na laini? La pili: ikiwa mnunuzi hakigeuzi chombo atazame upande wa ndani, je, yampasa fundi kutumia saa nzima akipiga tupa mahali ambapo hapana mtu atakayepatazama?

Maswali haya yaonekana kuwa mbalimbali, moja la mkono na moja la moyo. Lakini tukiyafuata kwa taratibu tutaona ya kuwa majibu yake yapo mahali pamoja, yaani upande wa chini wa bati.

Tuanze na chombo ambacho wengi huanza nacho, ndicho msumari. Msumari una ncha. Ukipigwa juu ya bati, ncha huingia wala haiondoi kitu. Bati husukumwa kando na kuvutwa, huvimba upande wa chini, na likishindwa kuvutika zaidi hupasuka kwa mistari mitatu au minne. Ndipo msumari hupita, na nyuma yake huacha vipande vilivyosimama kama miiba. Tazama chini ya kazi yako, kijana wetu: hakuna kilichoanguka. Bati lote lililokuwa mahali pa tundu lingali pale pale, limepasuliwa na kupindwa tu. Hiyo ndiyo nyota unayoiona.

Chombo kilicho sawa kwa kazi hii mafundi hukiita panchi. Ni kipande kifupi cha chuma cha pua, na mwisho wake hauna ncha, bali ni bapa kama uso wa sarafu, na ukingo wa uso huo ni mkali pande zote. Mgeni wa kazi hustaajabu, maana hudhani ya kuwa chombo cha kutobolea sharti kiwe na ncha. Lakini kumbukeni mkasi. Mkasi hukata kwa visu viwili vinavyopitana, kimoja juu na kimoja chini. Panchi nayo ni kisu cha juu kilichofanywa duara. Kisu cha chini ni ukingo wa tundu lililo katika kipande cha chuma kinachokaa chini ya bati. Viwili hivi tutaviita dume na jike: dume ni panchi yenyewe, na jike ni kile chuma cha chini chenye tundu la kuipokea.

Dume literemkapo, kwanza bati hubonyea kidogo. Kisha ukingo wa dume na ukingo wa jike huanza kuuma, mmoja toka juu na mmoja toka chini. Mwisho, sehemu iliyobaki katikati hukatika ghafula, na kisahani kidogo cha duara huanguka. Kiokote kisahani hicho, ukitazame ubavuni mwake, utaona habari yote imeandikwa hapo: ukingo ulioviringika kidogo, kisha utepe unaong'aa, kisha utepe unaokwaruza. Fundi mwenye akili husoma kisahani kabla hajalitazama tundu.

Kati ya dume na jike hapana budi pawe na nafasi, lakini iwe ndogo sana. Kwa bati la chuma laini, nafasi ya kila upande huwa baina ya sehemu 1 ya 20 na sehemu 1 ya 10 ya unene wa bati. Bati la geji 30, lililo la kawaida katika mapaa yetu, unene wake ni kama milimita 0.3, na la geji 28 ni kama milimita 0.4. (Kumbukeni ya kuwa nambari ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba.) Basi kwa bati la geji 30 nafasi haizidi milimita 0.03, nayo ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Nafasi ikizidi, bati hukunjika na kuvutwa ndani ya jike kabla ya kukatika, kama nguo inavyokunjika kati ya visu vya mkasi uliolegea. Ndipo tundu huota meno makali upande wa chini.

Sasa jibu la swali la kwanza limeonekana. Ubora wa tundu hauletwi na nguvu ya nyundo, bali na kitu kinacholishika bati kutoka chini. Akitoboa bati juu ya udongo au juu ya ubao laini, hata mwenye panchi nzuri hupata tundu baya, kwa kuwa chini hapana ukingo wa kukatana na dume.

Kuna namna tatu za kulishika bati, nasi tutazitaja kwa daraja zake.

Ya kwanza ni gogo la mti mgumu, kama mkwaju, lililosimamishwa ili panchi ipigwe juu ya kichwa cha gogo, si ubavuni. Ubavuni nyuzi za mti hulala na kubonyea upesi. Kichwani husimama wima na kustahimili. Namna hii haina gharama, nayo yafaa kwa bati jembamba na kazi isiyo ya haraka. Lakini bati litabonyea kuzunguka tundu, nawe itakubidi kulinyosha. Kila tundu lipigwe mahali papya pa gogo, maana shimo la jana haliwezi kulishika bati la leo.

Ya pili ni kipande kinene cha risasi. Risasi ni laini, lakini haina nyuzi, nayo hulishika bati karibu sana na ukingo wa panchi. Tundu lake ni zuri kuliko la gogo. Walakini risasi ni sumu, na madhara yake huwashika hasa watoto wadogo. Aitumiaye asiiache mahali wanapochezea watoto, asiiyeyushe jikoni wala ndani ya nyumba, naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Ya tatu, iliyo bora, ni jike la chuma. Nalo laweza kutengenezwa na fundi maskini asiye na mashine. Twaa vipande viwili vya chuma bapa vyenye unene wa kama milimita 6. Weka kati yao, upande mmoja, kipande chembamba chenye unene uliozidi kidogo ule wa bati lako, kisha uvifunge pamoja kwa bolti mbili. Toboa kwa kekee tundu moja linalopita katika vipande vyote viwili kwa mara moja, ukiiteremsha kekee wima kabisa. Basi umepata kinywa chembamba cha kuingizia bati. Kipande cha juu huliongoza dume lisiyumbe, na kipande cha chini ndicho jike. Dume nalo liwe la kipimo cha tundu hilo, lipite bila kukwama na bila kucheza. Kwa mabati membamba nafasi ile ndogo tuliyoitaja hupatikana kwa njia hii.

Ukipima, kumbuka kanuni hii: upana wa tundu hufuata dume, bali upana wa kisahani hufuata jike. Ukitaka tundu la kutia ribiti, pima dume. Tena usijaribu kutoboa tundu lililo jembamba kuliko unene wa chuma chenyewe, maana dume litapinda au kuvunjika kabla ya kupita.

Dume laweza kufuliwa kwa chuma cha springi ya gari iliyokwisha kazi yake. Likiisha kunyoshwa na kupigwa tupa kwa umbo lake, litiwe motoni mpaka liwe jekundu na sumaku isilishike tena, ndipo mwisho wake utumbukizwe katika mafuta. Sasa ni gumu, lakini lavunjika kama kioo. Kwa hiyo ling'arishe kwa msasa, ulipashe moto polepole kutoka upande wa kichwa, ukizitazama rangi zinazotembea kuelekea mwisho. Kwanza huja rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na mwisho samawati. Kahawia ikifika mwishoni, nayo ni moto wa kama digrii 250, lipoze mara moja. Kichwa kinachopigwa nyundo kiachwe laini. Kichwa kigumu hutoa vibanzi, na kibanzi cha chuma kikiingia jichoni hakimwachi mtu kama alivyokuwa. Kadhalika kichwa kilichopanuka kama uyoga kipigwe tupa kabla ya kutumiwa tena, na kila apigaye panchi avae miwani ya kazi.

Haya basi ndiyo mapigo ya kazi yenyewe. Piga mistari miwili inayokatana kwa kalamu ya chuma, na mahali inapokatana utie alama ndogo. Chora duara kwa bikari, kwa maana duara hukuonyesha kama panchi imekaa katikati. Weka bati juu ya jike, simamisha panchi wima, kisha piga pigo moja kamili. Mapigo madogo madogo huifanya panchi iruke na kuhama, na tundu huwa na kingo mbili. Toa bati, ligeuze, uliweke juu ya fuawe au chuma bapa, uligonge kwa nyundo ya mti mpaka ubonyeo wote uishe. Mwisho piga tupa ya nusu duara upande ulio na meno. Ili kujua kama kazi imekwisha, usitumie kidole. Pitisha kipande cha pamba juu ya ukingo wa tundu. Pamba ikiacha nyuzi, meno yangalipo. Ikipita bila kuacha kitu, mkono wa mtu nao utapita.

Wengine wameuliza kwa nini tundu dogo hutoboka kwa urahisi na kubwa hukataa. Hesabu yake si ngumu. Zidisha mzunguko wa tundu kwa unene wa chuma, kisha kwa nguvu ya chuma hicho ya kukataa kukatwa, ambayo kwa chuma laini ni kama nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Tundu la milimita 10 katika bati la milimita 0.4 lahitaji nguvu kama ya uzito wa kilo 450, nayo nyundo yaweza kuitoa kwa pigo moja. Lakini tundu la milimita 20 katika sanduku la chuma la milimita 1 lahitaji nguvu ya kilo zaidi ya 2,200, kama magunia 22 ya kilo 100 yakiwekwa juu ya panchi moja. Hapo nyundo huliharibu sanduku tu.

Kwa kazi hiyo iko panchi ya kukaza kwa bolti. Kwanza fundi hutoboa kwa kekee tundu dogo la kupitisha bolti. Dume huwekwa upande mmoja wa chuma na jike upande wa pili, bolti ikipita katikati yao. Kisha hukaza kwa spana, akiwa ameipaka bolti mafuta, na dume huvutwa polepole mpaka liingie katika jike. Uso wa dume hili haukuchongwa bapa. Umeachwa na pembe zinazotangulia kuuma, ili chuma kisikatwe chote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mzigo hupungua, na mtu mmoja akaza kwa mkono kazi ambayo nyundo kumi zisingeifanya vema. Mafundi wa umeme huitumia sana katika masanduku ya chuma.

Kabla hatujaliendea swali la pili, tuonye jambo moja. Pipa lililowahi kutiwa petroli lisitobolewe wala kukatwa wala kutiwa moto lingali halijasafishwa na mtu ajuaye kazi hiyo. Mtu husema, "Pipa hili ni tupu." Mafuta yameisha kweli, lakini mvuke wake umebaki ndani, na cheche moja ya nyundo yatosha kuuwasha. Pipa tupu la namna hiyo hupasuka kwa ukali kuliko lililojaa. Tena kopo lililotiwa dawa ya kuua wadudu wa mimea lisifanywe chombo cha chakula wala cha maji, hata likioshwa mara saba.

Sasa twaja kwa swali la pili, kama yampasa fundi kuusafisha upande usiotazamwa.

Yampasa. Na sababu ya kwanza ni hii: meno ya tundu sikuzote huota upande ambao panchi hutokea, yaani upande ule ule ambao macho hayafiki. Mnunuzi haoni ndani ya chombo, lakini mkono wake utafika. Mama atakayeliosha jiko ataingiza vidole. Mtoto atakayeokota kopo atatia mkono ndani kabla ya kutia macho. Nalo jeraha la bati, ingawa dogo, likiingia udongo au uchafu laweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua watu hata leo mahali chanjo haijafika. Aliyekatwa na bati aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, aende zahanati aulize habari za chanjo, asingoje mpaka taya likaze.

Sababu ya pili yahusu umeme. Waya wa umeme hupitishwa katika tundu la sanduku la chuma. Tundu likiwa na meno, waya ukivutwa hukwaruzwa, na ngozi yake ya plastiki huchanika mahali pasipoonekana. Siku ya kwanza taa huwaka vizuri, na fundi hulipwa, huenda zake. Baadaye shaba ya waya hugusa chuma, na kama sanduku halikuungwa na waya wa ardhi kama ipasavyo, sanduku lote huwa na umeme. Atakayeligusa ni nani? Huenda ni mzee anayetafuta swichi gizani. Kwa hiyo tundu lipigwe tupa, litiwe mpira wa kuulinda waya, na waya wa ardhi usisahauliwe. Meno ambayo tupa ingeyaondoa kwa dakika mbili yaweza kuondoa roho ya mtu.

Sababu ya tatu ni taa. Ingawa nyumba nyingi siku hizi zina taa za jua au za umeme, koroboi bado yatumika katika nyumba za wengi. Mrija wa utambi hupita katika tundu la kifuniko. Tundu lililopasuka kama nyota halishiki mrija wala halishiki lehemu. Mrija hucheza, mafuta huvuja juu ya kifuniko, na moto huyafuata. Twajua sote maana ya mafuta ya taa yawakayo ndani ya chumba wanamolala watoto.

Lakini msidhani ya kuwa meno ni mabaya kila mahali. Fundi mwema huuliza kwanza: meno yataelekea wapi, na kwa kazi gani? Kipande cha kopo kilichotobolewa kwa msumari na kupigiliwa ubaoni, meno yake yakiwa nje, hufaa sana kukwangulia muhogo au karoti. Hapo meno ndiyo kazi yenyewe. Chekeche la jiko hupigwa panchi kutoka juu, ili mabaki ya meno yaelekee chini na majivu yaanguke bila kukwama. Bati la paa nalo hupigwa kutoka juu, tena juu ya mgongo wa wimbi na si bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Na kama limetobolewa kutoka chini, ukingo ulioinuka huuzuia mpira wa msumari usikae vema, na mvua huingia ndani. Basi jambo lile lile ni faida mahali pamoja na ni hasara mahali pengine. Ufundi ni kujua tofauti.

Kijana wetu amesema, "Hapana mtu atakayepatazama." Tumkumbushe Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Katika kitabu cha Kutoka twasoma ya kuwa Mungu alimwita kwa jina lake na kumjaza Roho wake, si kwa kuhubiri wala kwa kupigana vita, bali kwa ajili ya kazi za mikono, za dhahabu na fedha na shaba na mawe na miti. Na kati ya kazi alizofanya ulikuwamo wavu wa shaba wa madhabahu. Wavu huo ulikaa chini ya ukingo wa madhabahu, ukafika katikati yake. Haukuwa juu wala mbele kama pambo. Watu walioleta sadaka waliutazama moto na moshi. Wachache waliinama kuutazama wavu. Hata hivyo habari zake zimeandikwa, pamoja na pete zake nne na mahali pa kukaa kwake, na jina la fundi wake halikusahauliwa. Kama Mungu aliagiza kazi iliyo chini ya ukingo kwa uangalifu namna hii, sisi ni nani hata tuseme ya kuwa upande wa chini hauna hesabu?

Tena twajua ya kuwa Maandiko huchukia mizani ya udanganyifu. Mizani hudanganya kwa sababu mnunuzi haoni kilicho chini ya kitanga. Chombo chenye uso uliong'arishwa na tumbo lenye miiba ni mizani ya namna ile ile. Mtu aweza kuacha kusema uongo kwa kinywa, akaendelea kuusema kwa bati.

Lakini haki yadai tuseme neno na wanunuzi pia, maana si mafundi peke yao wenye lawama. Ukipita Kamukunji mjini Nairobi, au Gerezani mjini Dar es Salaam, au Katwe mjini Kampala, utasikia nyundo tangu asubuhi hata jioni. Mafundi hawa wa jua kali huzigeuza pipa na debe na vipande vya chuma kuwa majiko, masanduku, makarai na sufuria. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya Kenya, likahimiza ya kuwa kazi za mafundi wadogo zisidharauliwe wala kusumbuliwa, bali zisaidiwe, kwa kuwa ndizo riziki ya watu wengi. Basi akina baba na akina mama, mnapokwenda kununua, kigeuzeni chombo. Tazameni ndani. Ulizeni bei ya kilichopigwa tupa na bei ya kisichopigwa. Na fundi akisema ya kuwa kazi safi imezidi kwa shilingi chache, msimbane mpaka aiache tupa yake, kisha mkarudi nyumbani kulalamika juu ya vidole vilivyokatwa. Anayekataa kulipa kazi ya upande wa chini huwafundisha mafundi kuiacha.

Nawe kijana, saa ile unayoiona kuwa hasara yaweza kupunguzwa kwa njia ya haki. Tengeneza jike la chuma kama tulivyoeleza. Tundu likikatwa vema, tupa hupata kazi ndogo. Noa dume lako mara ukiona utepe unaong'aa wa kisahani umepotoka au meno yameongezeka. Panga kazi yako, ukitoboa vipande vyote kwanza, kisha uvipige tupa vyote pamoja, bila kuweka chombo na kuchukua chombo kila dakika. Na kabla ya kukipeleka chombo sokoni, pitisha ile pamba katika kila tundu. Kisha mwite mama yako au mdogo wako, umpe chombo mkononi, akitie mkono ndani mbele yako. Ukiona moyo wako waogopa kumwachia, hakijawa tayari kuuzwa kwa mtoto wa mwenzio.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaeleza namna ya kutia ribiti katika matundu haya, na jinsi ya kuchagua ribiti kwa unene wa bati. Wenye maswali waandike mapema. Bwana azibariki kazi za mikono yenu. Amina.